Cheti cha Ugeni

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wanashukuru, maana kila kilichowahi kuingia katika ramani kilikatwa viwanja kabla wino haujakauka. Ina milima miwili, mto mmoja na madalali wasiohesabika. Mwaka wa sensa ilijaribiwa kuwahesabu. Karani wa sensa alibisha hodi, akauliza kazi ya mwenye nyumba, akajibiwa kwamba ni mwalimu, au mkulima, au fundi wa meno. Kisha mwenye nyumba akamsindikiza hadi njiani na kumuuliza kwa sauti ya chini kama hatafuti kiwanja.

Mtu asikimbilie kuwalaumu. Muuzaji hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui muuzaji, na anayewajua wote wawili amemaliza soli za viatu kwa kuwatafuta. Ni haki apate chochote. Ubaya wa zamani ulikuwa ni ule wa kumruka dalali: anawakutanisha watu leo, kesho wanakutana wenyewe kwenye kahawa, wanamalizana, naye anapata habari siku anapopita akaona mapazia mapya. Shemeji wa Waziri wa Nyumba alirukwa hivyo mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya tatu, Waziri alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nyumba isiyo na dalali ni nyumba iliyofichwa. Na kinachofichwa, kwa nini kifichwe? Serikali yenu imejiuliza swali hilo kwa siku nne, hotelini, na imepata jibu."

Jibu lilikuwa sheria. Ilisema kwamba nyumba iliyokwisha kukaliwa haitauzwa kwa mtu yeyote ila awe ameonyeshwa na dalali mwenye beji. Ilisema tena kwamba malipo ya dalali, ambayo zamani yaliitwa udalali na kuwaudhi watu, sasa yataitwa shukrani, nayo yatakuwa sehemu moja katika kumi ya bei, yatolewe na mnunuzi kwa mikono miwili. Na kwa kuwa wajanja wangeweza kuigiza, ilimalizia kwa kifungu kifupi ambacho siku ya kupitishwa hakuna mbunge aliyekisoma: mtu hahesabiwi kuwa ameonyeshwa kitu anachokijua tayari.

Kwa miaka saba kifungu hicho hakikumdhuru mtu. Kisha kikamfikia Mwanamvua.

*

Mwanamvua alikuwa mtengeneza mito. Alinunua sufi kwa magunia, akaichambua mbegu moja moja, akaijaza katika foronya alizoshona mwenyewe. Mito yake ilisifiwa mpaka makao makuu ya wilaya, ambako ilitumika katika mikutano mirefu. Mume wake, Chande, alikuwa karani wa mvua. Alipima mvua kila asubuhi, akaandika kipimo, akakipeleka kwa mkuu wake, naye mkuu akakirekebisha kifanane na mvua iliyoahidiwa.

Kwa miaka kumi na minane walikuwa wapangaji wa Mzee Ngwali katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la nafaka. Waliishi na mama yake Chande, Bi Mosi, ambaye alipoteza macho mwaka mmoja kabla hawajahamia. Miaka miwili ya kwanza Bi Mosi aliisoma nyumba ile kwa viganja: ukuta wa korido, mwimo wa mlango wa jiko, pembe ya kabati, pipa la maji. Baada ya hapo alitembea humo kama mtu anayeona. Alijipikia uji. Alijua kwa unyayo mahali sakafu ya sebule inapobonyea kidogo, na mgeni akisogeza kiti alimuuliza kwa upole kile kiti kilimkosea nini pale kilipokuwa. Nje ya nyumba hiyo Bi Mosi alikuwa kipofu. Ndani yake hakuwa.

Kwa hiyo Mzee Ngwali alipokuja kusema kwamba anakwenda kuishi kwa binti yake, na nyumba anaiuza, Mwanamvua alimtazama kwanza Bi Mosi.

"Nikiuza kwa watu wengine mtaenda wapi?" Mzee Ngwali aliuliza.

"Sisi tutapata pa kwenda, baba. Mama ndiye hatapata."

"Nami ndivyo nilivyofikiri. Basi chukueni ninyi."

Walimalizana kabla kahawa haijapoa. Nyumba nyingine zilikuwapo mjini, na baadhi zilikuwa bora kuliko ile. Lakini Bi Mosi alikuwa na miaka sabini na sita, na Mwanamvua hakuona ni wapi angemtafutia miaka mingine miwili ya viganja.

*

Ofisi ya Mauziano ilikuwa na madirisha mawili, moja la kuingizia maombi na jingine la kuuliza yamefika wapi. Nyuma ya la kwanza aliketi mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alikuwa na huruma, na watu wote walisema hivyo. Mwanamvua alifika na mume wake na mkwewe, akaweka makubaliano mezani.

"Vizuri," karani alisema. "Aliyewaonyesha nyumba ni nani?"

"Hakuna. Tunaishi humo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na nane huu."

"Basi mnaijua."

"Tunaijua sana."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, tafadhali usiseme hivyo tena mbele yangu, maana mara ya pili nitalazimika kuandika." Akafungua kitabu cha sheria, akawasomea kifungu kile kifupi, taratibu, kama mtu anayewasomea jamaa majibu ya hospitali. Kisha macho yake yakamwangukia Bi Mosi. "Na huyu?"

"Mama yangu," Chande alisema. "Haoni."

"Haoni tangu lini?"

"Tangu kabla hatujahamia."

Uso wa karani ukachangamka. "Kumbe hajawahi kuiona nyumba hiyo hata siku moja. Huyu ndiye mgeni halisi. Tumwandike yeye kuwa mnunuzi, na mambo yataisha leo hii." Akaandika mpaka katikati ya jina, akasita, akapekua ukurasa, akasita tena. "Isipokuwa lazima aonyeshwe."

"Nionyesheni tu, mwanangu," Bi Mosi alisema. "Mkiweza, nyumba chukueni ninyi."

Karani alikata jina lile kwa mstari ulionyooka. Akaeleza kwamba mtaa wao ulikuwa chini ya dalali mmoja mwenye beji, Bwana Lugome, mtu safi sana. Yeye angekuja Jumatano kuwaonyesha, akifuatana na Shahidi wa Mshangao.

"Shahidi wa nini?" Chande aliuliza.

"Wa Mshangao. Mtu akionyeshwa kitu asichokijua hushangaa. Asiposhangaa, alikuwa anakijua. Serikali ingepima namna gani nyingine?"

Chande, aliyekuwa na uzoefu wa vipimo vya serikali, hakuuliza zaidi.

*

Jumatano Bwana Lugome alifika saa tatu kamili. Alikuwa mwembamba, amevaa tai fupi na beji kubwa, na viatu vyake vilikuwa vimetembea zaidi kuliko yeye. Shahidi alimfuata nyuma na fomu yenye visanduku vitatu: mshangao mdogo, wa kati na mkubwa.

"Karibu, mama," Bwana Lugome alimwambia Mwanamvua mlangoni pa nyumba yake. "Nina nyumba hapa ningependa uione. Iko sehemu tulivu."

Mwanamvua aliahidi moyoni kujitahidi. Aliambiwa hii ni sebule, akatazama sebule. Aliambiwa hapa panaingia upepo mzuri, akasema naam. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakuwahi kusema uongo kwa uso. Mdomo wake ungeweza kujaribu kidogo, lakini uso ulibaki pale pale.

Chande alikuwa amepania kumsaidia. Alianza kushangaa tangu uani. Alilishangaa dari, akaishangaa ndoo. Alipoanza kuishangaa picha ya harusi yake mwenyewe, Shahidi alimwomba akapumzike nje.

Walipofika jikoni, Bwana Lugome alisukuma mlango, ukagoma. Akausukuma kwa bega, ukagoma. Mwanamvua alivumilia alivyoweza. Lakini mtu mzima alikuwa anahangaika mbele yake katika nyumba yake, na malezi yake hayakumruhusu kutazama tu. Alisogea, akauinua mlango kidogo kwa kitasa, akausukuma kwa goti. Ukafunguka.

Shahidi akaandika.

"Umeandika nini, bwana?" Mwanamvua aliuliza.

"Nimeandika kwamba mnunuzi alimfungulia dalali." Hakusema kwa ukali. "Samahani, mama. Hata kisanduku kidogo sikupata."

Bwana Lugome alivua beji, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mwanamvua akamhurumia.

"Ipo njia," Bwana Lugome alisema. "Mnaweza kuomba Cheti cha Ugeni. Watu wote wa nyumba wanahama siku tisini. Nyumba inafungwa kwa lakiri, funguo nakaa nazo mimi. Hampiti mtaa huu, hamuulizii habari zake. Mkirudi mnakuwa wageni kisheria, nami nawaonyesha upya."

"Na tusiiote ndotoni?" Bi Mosi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hilo lipo, bibi," Shahidi alisema, "lakini hatulifuatilii sana."

*

Walipanga vyumba viwili ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza Bi Mosi alijigonga paji la uso kwenye kona ya dirisha lililofungukia ndani. Siku ya tatu aliinuka kwenda kujitengenezea uji, akamwaga moto, akaungua kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, na aliyekuwa akichota maji mwenyewe sasa aliomba kuletewa. Hakulalamika. Alianza tu kuomba samahani kwa mambo madogo, kama mtu aliyefikia kwa watu.

"Leo ya ngapi, mkamwana?" aliuliza kila asubuhi.

"Ya ishirini na sita, mama."

"Kiti hiki nimekwisha kukijua. Mwambie yule bwana wa beji asije akanizuia kukinunua."

Mwanamvua alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchambua sufi, na huko hakucheka.

Kila Alhamisi walihudhuria Darasa la Usahaulifu katika ofisi ya kata. Lilikuwa na wanafunzi wapatao thelathini, wote watu wenye bahati mbaya ya kutaka kununua walichokuwa nacho: wajane, wapangaji wa muda mrefu, na mzee mmoja aliyekuwa akinunua tena nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mwalimu alizunguka akiuliza maswali ya ghafla. "Wewe, jiko liko upande gani?" Aliyejibu upesi alirudia somo. Aliyefikiri kwanza alipewa alama. Yule mzee hakuwahi kupata alama hata moja. Alijibu kila swali kabla halijaisha, na kwa vipimo.

Mwanamvua hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliona kwamba mtu hawezi kusahau vizuri bila mpango, atasahau hili na kuliacha lile. Basi alinunua daftari, akaandika kila alichokijua kuhusu nyumba ile, kimoja baada ya kingine, ili asipitiwe na kitu: namna ya kufungua mlango wa jiko, ufa wenye umbo la mkia juu ya kitanda, bati linalolia mvua ikianza. Vilifika mia moja na kumi na viwili. Kila jioni kabla ya magharibi alifuta vitatu.

Wiki ya saba mwalimu aliliona daftari. Alilisoma lote akiwa amesimama, akampongeza kwa mwandiko, kisha akaliweka ndani ya faili kuwa ushahidi. Mwanamvua aliongezewa siku kumi.

"Vitu mia moja na kumi na viwili," Chande alisema njiani. "Mimi nimelala humo miaka yote hiyo, nisingefikisha ishirini. Ungeniacha niwe mnunuzi mimi."

"Wewe walikutoa nje kwa kushangaa ndoo."

"Ile ndoo ilistahili."

Alimwona mke wake hatabasamu, akamshika mkono, wakatembea hivyo mpaka darajani.

Siku moja Mwanamvua alijaribu kukumbuka mlango wa chumba cha kulala ulifungukia upande gani, akashindwa. Kwanza alifurahi. Alitaka hata kwenda kumwambia mwalimu. Kisha akasimama na sufi mkononi, akaogopa, wala hakuweza kueleza anaogopa nini.

Siku ya sabini Bwana Lugome alikuja kuwatembelea. Hakuruhusiwa kuitaja nyumba, kwa hiyo alizungumza kuhusu hali ya hewa na Chande, ambaye hakuruhusiwa kuitaja hali ya hewa kabla ya mkuu wake. Baada ya chai alimgeukia Mwanamvua.

"Unajisikiaje, mama? Umeanza kusahau?"

"Kidogo."

"Kidogo haitoshi. Ukianguka mara ya pili nitalazimika kuionyesha kwa yeyote anayekuja, na Mzee Ngwali ana haraka. Wapo watu wawili wameuliza. Wawili hao hawajawahi kufika hata wilaya hii, mama. Hao watashangaa bila kujitahidi."

"Nitafanyaje, baba? Uso wangu haujui kudanganya."

"Ndiyo shida yako." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nami mwaka huu sijapata shukrani hata moja. Watu wamekuwa waaminifu mno, kila nikiwaonyesha wanasema wamekwisha kuona. Lakini wewe unaishi vizuri na watu, na yule bibi nimemwona pale kwenye kiti. Niachie mimi. Nitakusaidia."

Mwanamvua alimshukuru. Alidhani atazungumza na Shahidi.

*

Siku ya mia moja walivuka mto asubuhi. Cheti cha Ugeni kilikuwa na mihuri miwili na picha ya Mwanamvua akiwa hajui kitu. Chande na mama yake waliambiwa wasubiri mbali kidogo, kwenye kibaraza cha duka la mahindi, kwa kuwa anayeonyeshwa kwanza ni mnunuzi peke yake.

Usiku wote wa kuamkia siku hiyo Mwanamvua alikuwa amejizoeza. Chande alimfundisha kuinua nyusi, akamfundisha kuvuta pumzi. Aliingia uani akiwa ameshika pumzi ile tayari, kama mtu aliyebeba yai. Alijua kwamba ikimponyoka kabla ya wakati, Bi Mosi atabaki kwenye kile kiti cha ng'ambo maisha yake yote.

"Karibu, mama," Bwana Lugome alisema. "Nina nyumba hapa."

Mlango haukuwapo.

Mahali pa mlango palikuwa na ukuta uliopigwa lipu mpya. Bwana Lugome alimwongoza kushoto, akazunguka pembe, akafungua mlango mwingine, mwekundu. Ndani, korido ilikuwa imeondoka. Sebule na chumba cha Bi Mosi vilikuwa kitu kimoja kipana, chenye nguzo katikati. Palikuwa na ngazi tatu za kushuka mahali ambapo hapakuwahi kuwa na hata moja. Jiko lilikuwa limehamia kulikokuwa na choo, na sakafu yote ilikuwa marumaru nyeupe, laini, isiyobonyea popote.

Mwanamvua alisahau nyusi zake. Pumzi aliyokuwa ameitunza ilitoka yenyewe, na mkono ukaenda mdomoni bila kutumwa. Alishika nguzo asiyoijua ili asianguke.

Shahidi alisogea, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akapiga alama katika kisanduku cha tatu. Alikuwa na miaka sita katika kazi ile. Akafikiri kidogo, akaongeza kwa mkono pembeni: wa kweli.

Bwana Lugome alikuwa analia. "Nilikuambia nitakusaidia," alisema. "Mafundi watatu, wiki nne. Fedha yangu mwenyewe, mama, nimekopa. Mzee Ngwali alikubali, akatia dole gumba. Nilijiambia, mama huyu ni mkweli, hawezi kuigiza. Basi asiigize."

"Ukuta," Mwanamvua alisema. "Ule ukuta wa korido."

Shahidi aliinua kalamu. "Ukuta gani, mama?"

Bwana Lugome alimtazama Mwanamvua, na macho yake yaliyolowa yalikuwa yakimsihi kama ya mgonjwa. Mwanamvua alielewa. Angeutaja ukuta, angekuwa anaujua. Angelia kwa ajili ya sakafu iliyobonyea, angekuwa ameikanyaga. Kila neno la malalamiko alilokuwa nalo lilikuwa ushahidi dhidi yake, na mahali fulani walikuwapo watu wawili ambao hawajawahi kufika hata wilaya hii.

"Hakuna," alisema. "Nilifikiri kitu kingine."

Kalamu ikashuka.

Hati ilisainiwa juu ya ngazi. Shahidi alimwongoza maneno yaliyowekwa na Wizara, naye akayarudia: nimeonyeshwa, nimeona, nashukuru. Kisha akatoa shukrani ya Bwana Lugome katika bahasha, kwa mikono miwili. Aliitoa bila kinyongo, kwa kuwa hakupata njia ya kusema kwamba mtu yule hakuistahili. Nyumba ile hakuijua, naye alikuwa amemwonyesha.

*

Chande alimleta mama yake. Walipokanyaga ua, Bi Mosi aliusikia mchanga chini ya viatu, akainua kichwa. Akauchomoa mkono wake katika mkono wa mwanawe.

"Niache sasa," alisema. "Nimefika kwangu."

Akaenda peke yake, upesi, mgongo umenyooka, kama ambavyo hakuwa ametembea kwa siku mia moja. Alipita pipa la maji bila kuligusa. Alikata kona pale pale pa kukata. Alinyoosha kiganja kusukuma mlango, na kiganja kikakuta ukuta.

Alipapasa kulia. Alipapasa kushoto, mpaka mkono ulipoishia. Aliinusa saruji kwenye vidole vyake. Mwanamvua alikuwa amesimama ndani, karibu na dirisha, na hati mkononi, akamwona anarudi nyuma hatua moja na kuweka sawa kanga yake kichwani.

"Hodi," Bi Mosi alisema, kwa ile sauti ya kwenye nyumba za watu.

"Karibu, mama. Ni sisi," Mwanamvua alijibu kutoka ndani, lakini kioo cha dirisha kiliimeza nusu ya sauti yake.

Bi Mosi aliugeukia ukuta kwa adabu. "Tuwieni radhi, wenyewe. Tumekosea nyumba." Kisha kwa sauti ya chini, "Chande, umenileta wapi? Hapa pana watu."

Chande alifungua mdomo kutafuta mzaha, akaukosa.

Mwanamvua alitoka kwa ule mlango mwekundu, akazunguka pembe, akamshika mkwewe mkono, akamwingiza. Kwenye ngazi ya kwanza Bi Mosi alijikwaa, akamkumbatia. Kwenye ya pili alisita, akitafuta kwa unyayo. Hakuuliza chochote. Mwanamvua alikichukua kiganja chake na kukiweka kwenye nguzo, kisha kwenye pembe ya dirisha, kisha kwenye ukuta uliokuwa bado na unyevu, na kila mahali alimtajia jina lake.

Shahidi alikuwa anakunja karatasi zake, tayari kuondoka. Alisimama mlangoni.

"Mama, samahani. Huyo anaonyeshwa?"

Bwana Lugome aliinua kichwa, akaishika beji yake.

"Hapana, bwana," Mwanamvua alisema. "Anapotea tu."

Shahidi alitoa kijitabu cha ada, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akapitisha tena. Kupotea hakukuwa na malipo. Akawatakia asubuhi njema, akaondoka na dalali wake. Mwanamvua akasogeza kiganja cha mkwewe mbele kidogo ukutani, shibiri moja, wakaendelea.